Kuwafuata nyumbu kwa mlango wa magharibi: Mwanza, Ndabaka hadi Mto Mara, siku sita za Julai

Haya yameandikwa baada ya kurudi, kutoka kwenye daftari la gari, risiti na saa zilizobaki kwenye picha. Safari ilikuwa ya watu watano na dereva, 22 hadi 27 Julai, kupitia Lango la Ndabaka badala ya njia ya Arusha. Sababu ya kuchagua upande huu ni hela. Anayetoka Arusha hukatiza eneo la Ngorongoro, na hulipa ada yake hata kama anapita tu, kwenda na kurudi, kabla hajaliona Lango la Naabi la Serengeti. Anayetoka Mwanza hulipa Serengeti peke yake, na lami humfikisha hadi mlangoni.

Siku ya 1, 22 Julai: Mwanza hadi Lamadi

Tulipanga kuondoka saa 4 asubuhi, tukaondoka saa 8 mchana. Gari, Land Cruiser ya zamani ya dizeli, lililetwa likiwa na spea tairi moja, na mwenye gari anaapa kwamba moja inatosha. Haitoshi. Kaskazini mwa Serengeti tairi hupasuliwa na jiwe asubuhi na nyingine ikachomwa na mwiba jioni, na fundi yuko Seronera, nusu siku nyuma yako. Gomeni kuondoka mpaka spea ya pili ifungwe. Mkiwa hapo hapo kagueni jeki (iwe ndefu, na ubao wa kuiwekea chini), spana ya magurudumu, koleo, mnyororo wa kuvutia, feni belti ya akiba, na pampu ya upepo ya kuchomeka kwenye betri pamoja na kipimo chake. Pampu bila kipimo ni kubahatisha.

Maji tulihesabu lita 4 kwa mtu kwa siku, kunywa na kupikia. Watu sita kwa siku tano ni lita 120, yaani madumu sita ya lita 20. Kuoga ni kwenye mabomba ya kambini. Chakula: unga kilo 5, mchele kilo 4, dagaa wa kukaanga, nyanya, vitunguu, ndizi, na maharage yaliyokwisha kuchemshwa nyumbani, maana maharage makavu yatamaliza mtungi wa gesi wa kilo 6 kabla hayajaiva. Vitu vyote vikae kwenye mifuko ya nguo au ndoo zenye mfuniko. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019.

Dizeli ilikuwa karibu 3,000 kwa lita. Tulijaza tangi la lita 90 na madumu mawili ya lita 20. Gari la namna hii likiwa limebeba mzigo hula lita moja kwa kilomita 6 kwenye lami, na kwa kilomita 5 au chini ya hapo porini, ambako unatembea kwa gia ndogo na kusimama kila dakika.

Magu, kisha Lamadi, kama kilomita 140 kwa ujumla, hazina la kusimulia isipokuwa matuta. Lamadi kula samaki: sato mzima wa kukaanga na ugali 8,000, na ukimuuliza mama lishe atakuwekea ugali wa udaga, yaani wa muhogo. Vyumba vitatu gesti, 25,000 kila kimoja. Mama mwenye gesti aliposikia tunaondoka alfajiri aliamka saa 10 usiku, akachemsha chai, akafunga chapati kwenye kitambaa. Hela alikataa. “Mkirudi salama mtanunua samaki,” alisema.

Siku ya 2, 23 Julai: Ndabaka, Kirawira, Seronera

Lango hufunguliwa saa 12 asubuhi. Hapokei mtu noti: unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au kadi, ndipo kibali kinatolewa. Mtanzania mtu mzima alilipa 11,800 kwa saa 24, yaani 10,000 na VAT, na kambi ya umma 5,900 kwa usiku. Beba kitambulisho cha NIDA, bila hicho hakuna kinachothibitisha kuwa unastahili bei hiyo. Ada ya gari hupangwa kwa uzito, kwa hiyo kadi ya gari iwe mkononi. Sisi ilikuwa juu ya mwenye gari.

Kosa letu lilikuwa salio. Simu iliyokuwa na hela haikutosha, nyingine ilikuwa imefikia kikomo chake cha siku. Kijana wa bodaboda aliyemleta mfanyakazi mmoja ndiye aliyelipia kwa simu yake, tukampa taslimu pamoja na ya kutolea. Kibali kikagongwa saa 2:10 asubuhi. Ikumbuke saa hiyo, ina kazi yake siku ya sita.

Mara baada ya lango unaingia kwenye udongo mweusi, ule Wasukuma wanaouita udongo wa mbuga. Ukiwa mkavu hupasuka nyufa na kuwa mgumu kama saruji. Ukilowa hunata kwenye tairi mpaka kashata zake (meno ya tairi) zijae, na hapo tairi huzunguka kama limepakwa sabuni. Julai njia ni nzuri, lakini tulikwama dakika 35 kwenye bonde dogo lililokuwa na maji bado. Dawa: shusha upepo wa matairi mpaka psi 25, weka foo-wili kabla hujaingia na si baada ya kuzama, usikanyage mafuta kwa hasira, na chimba mbele ya matairi yote manne. Machi hadi Mei piga simu langoni kwanza, maana upande huu hufurika.

Mbung'o huanza kwenye miti. Hupenda rangi ya buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego ya vitambaa iliyotundikwa mitini ni ya rangi hizo hizo, na anayevaa jinzi amejigeuza mtego. Kaki au kijani kilichofifia. Dawa ya kupaka ya mbu haiwasumbui sana. Kinachosaidia ni kufunga vioo na kuwaua walioingia kwa kitambaa, mmoja mmoja.

Kirawira kuna nyumbu mwaka mzima, na hapo wageni wengi hudanganyika. Hawa ni wakazi wa huku magharibi, hawaendi popote. Msafara wenyewe ni kitu kingine: nyumbu kiasi cha milioni 1.3, pundamilia kama 200,000, na swala tomi wengi nyuma yao. Ulikuwa umekwisha kupita. Dalili ziko chini: nyasi zimekatwa zikabaki kimo cha kidole, kinyesi kimekauka na kupauka, na vijia vyembamba vimechimbika sambamba kuelekea kaskazini-mashariki, upana wa kwato mbili. Askari wa zamu alisema kundi kubwa la mwisho liliondoka wiki mbili nyuma.

Ile ramani ya duara yenye mishale na majina ya miezi, inayobandikwa kwenye ofisi za watalii, ni wastani wa miaka mingi. Nyumbu anafuata mvua. Kusini-mashariki mwa Serengeti hunyesha kama milimita 500 kwa mwaka, kaskazini zaidi ya 1,000. Tambarare za kusini zina nyasi fupi zenye madini mengi kwa sababu ya majivu ya volkano, Ol Doinyo Lengai na jirani zake, lakini kiangazi hazina maji, na nyumbu hawezi kukaa zaidi ya siku moja au mbili bila kunywa. Ndiyo maana hulazimika kupanda kuelekea mito. Mvua ikichelewa kukatika kusini, wanachelewa huko. Ikinyesha ghafla nyuma yao, wanageuka. Mwezi unakuambia mkoa, lakini wilaya na kijiji utaambiwa na dereva aliyetoka huko jana.

Mto Grumeti ulikuwa umebaki madimbwi. Kwenye dimbwi moja tulihesabu mamba 14 ukingoni, wamelala midomo wazi, matumbo mazito. Mamba anaweza kukaa miezi bila mlo mkubwa, na hawa walikuwa wamepata wa mwaka. Kwenye miti ya ukingoni kulikuwa na mbega, weusi na mikia meupe, ambao huwaoni ukibaki njia kuu. Pinduka, tumia nusu saa.

Seronera tuliingia saa 12:20 jioni. Mwendo ndani ya hifadhi usizidi kilomita 50 kwa saa, na saa 1 usiku gari liwe limesimama.

Siku ya 3, 24 Julai: Seronera hadi Lobo

Kambi ya Pimbi haina uzio. Fisi walipita saa 9 usiku wakabeba sufuria iliyoachwa nje na mafuta ya dagaa. Tuliipata asubuhi mita 60 mbele, imetobolewa. Pikeni na kula ndani ya banda lenye wavu, mwoshe vyombo usiku huo huo, na hemani msiingize hata biskuti. Blanketi liwe zito: uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri ya Julai mtu wa Mwanza atatafuta koti.

Seronera ndiyo sehemu ya mwisho ya kujaza mafuta, kuziba pancha na kula chakula kilichopikwa na mtu mwingine. Wali na maharage 4,000 kwenye kantini ya wafanyakazi. Na ndiyo sehemu ya kuuliza. Usiulize “nyumbu wako wapi?”, kila mtu atajibu “Kaskazini.” Uliza mambo matatu: umetoka wapi jana, ulikutana na mstari au kundi lililotawanyika, na walikuwa wanaelekea upande gani. Mstari mrefu unaotembea bila kula maana yake wana safari. Kundi lililotawanyika likila, unaweza kulikuta hapo hapo kesho. Dereva mmoja mtu mzima, aliyekuwa amebeba Wafaransa, alichora kwa kijiti mchangani vijito vitatu na kuweka punje ya mhindi mahali alipowaacha. Ramani ile ilikuwa sahihi kuliko ya kununua.

Barabara ya kwenda Lobo, kama kilomita 75, imejikunja kama bati la migongo. Ukienda kilomita 20 kwa saa unatikiswa meno. Ukifika 45 au 50 gari huelea juu ya migongo, lakini breki nazo huelea, basi kabla ya kona shuka. Upepo tuliuweka 35 mbele na 38 nyuma. Shokapu ya nyuma kulia ililegea boliti kufikia saa 7, na kuikaza kulichukua dakika kumi kwa sababu spana namba 17 ilikuwepo. Iwepo na kwenu.

Kabla ya Lobo tuliwakuta. Kwanza mlio: kitu kama vyura wengi wanaokoroma, unausikia kabla hujapanda mwinuko. Kisha bonde zima, weusi wa kijivu, wanakula huku wanasogea.

Tulizima gari saa moja na nusu tukatazama midomo. Mbele walikuwa pundamilia wengi, kwenye nyasi zinazofika magotini. Pundamilia ana meno juu na chini na hacheui. Anaweza kumeza vikonyo vikavu kwa wingi na kuvipitisha upesi, basi yeye hukata sehemu ya juu. Nyumbu, anayecheua kama ng'ombe, alikuwa nyuma, mdomo mpana umelala chini, akichuma majani yaliyofunuliwa. Nyuma kabisa swala tomi, wenye mdomo mwembamba, wakichagua chipukizi moja moja kwenye ardhi iliyokwisha kunyolewa. Si utaratibu wa jeshi, wanachanganyika, na nyumbu wakizidi mno huwasukuma pundamilia mbele kwa kuwamalizia chakula. Lakini simama mahali pamoja muda wa kutosha na bonde litakupita kwa mpangilio huo.

Mitandaoni “nyumbu” ni tusi la mtu afuataye mkumbo. Anayelitumia hajakaa bondeni kwa Lobo. Hakuna kiongozi wa kufuatwa pale. Kila mmoja anamtazama jirani, na kichwa cha mstari hubadilika kila baada ya mita mia.

Siku ya 4, 25 Julai: Lobo hadi Kogatende

Njia ni mawe na mito midogo mikavu. Pancha ya kwanza, tairi la nyuma kushoto, jiwe lenye ncha. Kubadilisha kulichukua dakika 40 kwa sababu nati mbili zilikuwa zimekazwa kwa mashine. Zilegezeni na kuzikaza upya kwa mkono siku ya kwanza, mjini.

Kogatende saa 6:30 mchana. Hapa Mto Mara umeshatoka mbali, kwenye msitu wa Mau nchini Kenya, na bado una safari ya kufika Ziwa Victoria karibu na Musoma, jumla kama kilomita 395. Katika Serengeti yote ya kaskazini ndio mto pekee usiokauka kiangazi, kwa hiyo kinachofanyika Mau, miti ikikatwa au maji yakivutwa mashambani, hufika mpaka kwenye koo la nyumbu.

Vivuko vimepewa namba na madereva hutajiana kwa namba hizo. Tulikaa kwenye kimoja kuanzia saa 7:15 hadi saa 11:40 jioni. Walikuja kama 2,000, wakajaa ukingoni, wakashuka hadi maji yakagusa magoti. Mmoja akakoroma, wote wakapanda mbio na vumbi. Mara nne hivyo. Hawakuvuka.

Sababu moja ya kutovuka ilikuwa sisi wenye magari. Gari likisogea ukingoni kabla ya wa kwanza kuingia majini, mstari huvunjika. Kaa mbali na ukingo, kwenye kivuli ikiwezekana, injini imezimwa, milango imefungwa, hakuna kuchungulia juu ya paa kwa shangwe. Wakishaanza kuingia na mkondo wa wanyama umeshika, ndipo mnaweza kusogea polepole kwa pembeni, si kwenye njia yao ya kushukia wala ya kupandia ng'ambo. Kushuka garini ni marufuku. Na droni usiibebe kabisa kama huna kibali chake.

Jirani yetu wa foleni alikuwa dereva wa kampuni fulani mwenye thamosi kubwa. Alitupitishia chai ya tangawizi dirishani kikombe baada ya kikombe, na ushauri: “Leo upepo unatoka kwetu kwenda kwao, wananusa mafuta. Kesho kaeni upande wa chini.”

Siku ya 5, 26 Julai: Mto Mara

Tulikaa upande wa chini. Kuanzia saa 1:30 hadi saa 4 hakuna kitu, nyani tu na viboko. Saa 4:10 vumbi likaonekana kusini, na saa 5:02 wa kwanza akaruka.

Wa kwanza alikuwa pundamilia, kama watano hivi wa familia moja, wakaogelea kwa utulivu shingo zimenyooka. Nyumbu waliwatazama mpaka wakatoka ng'ambo. Halafu dume mmoja kwenye mwamba akateleza zaidi kuliko kuruka, na nyuma yake mlima ukamwagika. Mahali pale ukingo ni mita nne kwenda juu, udongo mwekundu uliokatika wima. Waliotangulia walitua majini, waliofuata walitua juu ya migongo. Mto hapo hauzidi mita 50. Mnyama mmoja alichukua kama sekunde 40 kuuvuka. Shida ilikuwa kutoka: njia ya kupandia ng'ambo ilikuwa na upana wa gari moja, ikalowa kwa maji ya waliopita, ikawa utelezi, na foleni ikarudi nyuma hadi katikati ya mkondo. Hapo ndipo wanapokufa. Ndama wa Februari, sasa wa miezi mitano, alipanda mara tatu akiteleza kurudi. Mara ya nne alikanyaga mgongo wa mwenzake aliyelala na kutoka. Yule aliyelala hakuinuka.

Mamba walichukua wawili mbele yetu. Wa kwanza hakukuwa na mieleka yoyote: kichwa cha ndama kilikuwepo, kisha hakikuwepo, na maji yakafumba. Watu huja kwa ajili ya mamba, lakini wauaji wakubwa ni msongamano, ukingo mbaya na mkondo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kuwa kati ya 2001 na 2015 nyumbu wapatao 6,250 walizama Mto Mara kila mwaka kwa wastani, zaidi ya tani 1,000 za nyama. Hiyo haipotei. Kilomita moja chini tulipita kwenye mizoga iliyonasa kwenye miamba: tumbusi na kongoti juu, kenge pembeni, samaki chini, na mifupa itaendelea kutoa fosforasi majini kwa miaka. Harufu inaingia kwenye mkate. Kuleni kabla ya kupita hapo.

Kuvuka kuliendelea dakika 22, kisha kukakatika ghafla kwa sababu isiyoonekana. Tulihesabu kwa makumi kwenye picha, tukapata kama 3,000. Waliobaki ukingo wa kusini walisimama wakiita, na ng'ambo majike yaliyopoteza ndama yakarudi kutazama maji. Saa 7:40 kundi dogo, kama 80, likavuka kurudi kule lilikotoka. Ndivyo ilivyo Julai hadi Oktoba: wanavuka, wanarudi, wanavuka tena, kufuata manyunyu ya ukingo huu au ule. Hakuna “siku ya kuvuka” ya kuwekea tiketi. Anayekuja kwa siku moja anacheza kamari, wenye siku tatu hupata mara nyingi.

Wanaotaka kuunganisha na Maasai Mara ya Kenya wajue nyumbu hupita ila watu hapana. Njia ya Bologonja imefungwa kwa wageni tangu 1977. Utazunguka kwa mpaka wa Sirari, na hiyo ni siku nzima.

Siku ya 6, 27 Julai: Tabora B, Mugumu, Mwanza

Hesabu ya saa 24 ilitaka tuwe nje kabla ya saa 2:10 asubuhi. Tuliondoka saa 12 kamili, muda wa kutosha, mpaka pancha ya pili ilipotokea njiani. Spea ya pili, ile tuliyoigombania Mwanza, ndiyo iliyotutoa. Lango la Tabora B tulifika saa 2:50, tukaongezewa siku moja kwa watu watano: 59,000. Wekeni akiba ya saa mbili, si saa moja.

Mugumu ni chai ya maziwa, chapati za moto na fundi pancha, 10,000 kwa kila tairi. Wakati anaziba, mzee mmoja Mkurya mwenye ng'ombe alitukaribisha kivulini. Shikamoo zilipokwisha akaagiza maziwa mgando kutoka kwake, vikombe sita. Alikumbuka ng'ombe wa baba yake wakipangwa foleni kuchomwa sindano ya sotoka, tauni ya ng'ombe. Sindano hiyo ndiyo iliyowajaza nyumbu. Sotoka iliingia miaka ya 1890 ikafyeka ng'ombe na nyumbu pamoja, na kwa miongo mingi ndama wa nyumbu waliendelea kufa kwa ugonjwa uliotoka mazizini. Ng'ombe wa vijiji vinavyozunguka walipochanjwa, nyumbu waliokuwa kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 walifika milioni 1.3 mwaka 1977. Wakala nyasi nyingi, moto wa kiangazi ukakosa kuni, na miti ikaanza kurudi. Ugonjwa wenyewe ulitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. “Sisi tulichoma ng'ombe,” mzee akacheka, “wakaongezeka wao.”

Ukiletewa kimoro, nyama ya nyumbu iliyokaushwa, kando ya barabara, usinunue. Ni kosa kwa mnunuzi pia, na nyingi hutokana na nyaya zinazotegwa kwenye vijia vile vile tulivyoviona Kirawira. Nyamapori halali huuzwa kwenye bucha zenye leseni, pamoja na risiti.

Nata, Bunda, lami, Lamadi. Tulisimama kwa mama wa gesti, tukanunua sato sita. Mwanza saa 3 usiku, kilomita 940 kwenye mita.

Gharama za watu watano: gari na dereva 400,000 kwa siku, siku sita, 2,400,000. Dizeli lita 160, 480,000. Viingilio 295,000 pamoja na ile siku ya uzembe. Kambi usiku nne 118,000. Chakula chote 310,000. Gesti 75,000. Pancha 20,000. Jumla 3,698,000, kila mtu 739,600. Mkiwa sita gharama ya kila mtu inashuka vizuri, mkiwa saba mtakaa juu ya madumu.

Wanaouliza kuhusu kuzaliwa kwa ndama: hiyo ni Ndutu, kwenye tambarare za kusini, mwisho wa Januari hadi mwanzo wa Machi, na Ndabaka haifai kwa safari hiyo, pitieni Ngorongoro. Majike mengi huzaa ndani ya wiki mbili tatu, ndama husimama baada ya dakika chache, na fisi hushiba wakaacha wengine. Uwanda ule unaonekana mkavu na hauna njia iliyochorwa, mvua ikinyesha usiku asubuhi ni ziwa la matope, hivyo koleo na mnyororo viende tena. Spea, mbili.